Nani Kakushonea Hiyo?

Mwaka juzi nilikwenda Dar es Salaam kwenye mkutano wa waandishi chipukizi. Nilipanda basi Sumbawanga, nikapita Laela, Tunduma na Mbeya, na kwa kuwa nilitaka kufika nikiwa mtu mbele ya watu, nilikuwa na shati jipya la kitenge: mikono mifupi, kola ngumu, mfuko mmoja kushoto, maua ya mfuko yamekaa sawasawa na maua ya kifua hata mfuko wenyewe huuoni mpaka uutie mkono. Wakati wa chai jamaa mmoja, mshairi mzuri tu na ninamheshimu, akanishika kola kwa nyuma, akaigeuza akitafuta lebo. Lebo hamna. "Duh! Nani kakushonea hiyo?" Nikamwambia mama. Basi, kicheko. Mwingine akadakia: "Sumbawanga hiyo! Chunguzeni upindo, isije ikawa kuna kitu kimeshonewa humo." Kicheko kikazidi.

Utani wa uchawi tumeuzoea. Jina la mji wetu watu hulitafsiri kuwa ni "tupa uchawi", lakini wenzetu wa pwani wamelisikia neno la pili tu. Huo haukuniuma. Kilichonikaa moyoni ni lile swali la kwanza, na namna lilivyoulizwa. Maana nyumbani kwetu swali hilohilo ni sifa. Mwanamke akipita Mazwi na gauni lililomkaa vizuri, wenzake humsimamisha katikati ya njia na kumuuliza: nani kakushonea hiyo, dada? Na hapo jina la fundi hutajwa, na kesho yake fundi anapata wateja watatu. Swali ni lile lile, herufi kwa herufi. Lilipovuka Mikumi likawa tusi.

Ndugu msomaji, nimeamua kulijibu hapa, kwa sababu najua wengi wenu mngecheka pia. Ninachosema nakisema mapema ili asiyetaka kuendelea aishie hapa: nyumba inayojua kununua kitambaa na kukishona ina madaraka juu ya miili ya watu wake. Nyumba iliyosahau imeyakabidhi madaraka hayo kwa mtu asiyeijua. Na sisi vijana wa mjini tunaoona kushonewa ni ushamba tunayakabidhi bure, tena kwa kicheko.

Nina ugomvi na makundi mawili. La kwanza ni hilo lililonicheka. La pili litashangaa kujikuta humu, maana linadhani liko upande wangu: ndugu zangu wa "vaa cha kwetu", wale ambao kila sherehe ya taifa huvaa kitenge na kutuhubiria uzalendo. Nitawafikia. Kwanza twendeni dukani.

Mama yangu haingii duka la vitambaa kama mtu anayenunua. Anaingia kama mtu anayepita tu. Anasalimia, anauliza hali ya watoto wa mwenye duka, anaulizia bei ya kitu asichokitaka. Wakati huo macho yanazunguka kwenye magora yaliyosimamishwa ukutani. Akishachagua ndipo mkono unapoanza kazi. Anakikunja kitambaa kiganjani, anakifinya kwa nguvu, anahesabu kimyakimya, anakiachia: kikibaki na makunyanzi kama uso wa ajuza, au kikinyooka palepale, kila kimoja kina maana yake. Anasugua sehemu mbili zilizokunjwa pamoja, kama afuavyo. Ukitoka unga mweupe, ujue ule ugumu uliokuwa unakuvutia ni wanga, na maji ya kwanza yataondoka nao na kukuachia kitu kama chandarua. Anageuza nyuma. Kitenge cha wax kizuri rangi yake huingia hadi upande wa pili, huwezi kusema mbele ni wapi. Kile cha kuchapwa juujuu mgongo wake umepauka. Anakiinua kwenye mwanga wa mlango. Mwisho anachomoa uzi mmoja pembeni, anaomba kibiriti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na ndugu zake hujikunja, huyeyuka na kuacha kipunje kigumu kama kichwa cha pini. Niliwahi kumwona muuza duka mgeni akimkatalia kibiriti. Mama aliaga kwa adabu zote, tukaondoka.

Halafu kipimo. Hapo ndipo vita yenyewe. Yadi ni inchi 36, mita ni inchi 39 na ushee, na kuna wauzaji ambao bei wanaisema kwa mita na mkono unapima yadi. Wengine hukivuta kitambaa kwenye ule ufito wa kupimia mpaka kinalia. Mama ana tepu yake ndani ya pochi, ile ya kufundia, namba zimefutika mwanzoni, lakini haitoi. Anaitoa tu pale anapoona kidole gumba cha muuzaji kimeanza kurudi nyuma. Akishaiweka juu ya meza basi, hakuna maneno zaidi, kitambaa kinapimwa upya. Nilipokuwa mdogo niliona aibu, nilikuwa nasogea mlangoni nijifanye siko naye. Leo naona ule ulikuwa ni usomi, na mimi niliyekuwa na daftari begani ndiye niliyekuwa mjinga dukani mle.

Kikifika nyumbani hakikatwi. Kinalowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, kinaanikwa, kinapigwa pasi ya mkaa. Pamba husinyaa, na afadhali isinyae ikiwa kitambaa kuliko isinyae ikiwa suruali. Kisha kinatandikwa sakafuni, juu ya mkeka, na watu wote wa nyumbani wanaitwa. Sasa hapa nawaomba mtulie kidogo, hasa ninyi mnaotaka kuandika riwaya.

Yadi sita za kitenge. Mama anataka blauzi na sketi yake, gauni la mdogo wangu, shati langu, na kikibaki kipande, kofia ya mtoto wa dada. Ukimpa fundi asiyejali atakwambia zinahitajika yadi nane. Mama anazunguka kile kitambaa kwa magoti, chaki mkononi, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Sketi huku, kwa urefu wa uzi, ili isipinde baada ya kufuliwa. Mikono ya gauni katikati ya vipande vya sketi, kichwa chini miguu juu. Lakini hapana, yale maua yana shina, yakigeuzwa yatakuwa yameanguka. Basi mikono inahamia kwingine, na kola yangu inaunganishwa vipande viwili kwa chini ambako hakuna atakayeona. Mfuko wa shati anautafuta mwisho, akifuata ua. Ndiyo ule mfuko niliowaambieni. Wakati wote huo anatutazama mmoja mmoja. "Wewe bega la kulia limeshuka, unabebea nini begi upande mmoja?" "Wewe umeanza kuota kifua, hapa naacha nafasi." Mdogo wangu alikasirika kwa lile neno kusemwa mbele yetu. Lakini sote tuliosimama pale tulikuwa tumetazamwa. Hakuna duka la nguo zilizo tayari, liwe la Kariakoo au la London, linaloweza kujua kwamba bega langu la kulia limeshuka.

Hayo ndiyo madaraka ninayoyasema. Kwenye nguo ya kushona, kitambaa kinamtafuta mtu. Kwenye mtumba, mtu anaitafuta nguo ya mtu mwingine na kuomba Mungu awe amefanana naye.

Najua kinachofuata. Mtaniambia: we bwana, mama yako ni fundi, sisi je? Kwanza, mama si fundi, ni mkulima wa mahindi na maharage mwenye cherehani. Pili, hata asiye na cherehani anaweza kununua kitambaa kwa akili na kumpelekea fundi barazani. Na mafundi nao sitawasafisha. Fundi na neno "kesho" ni pacha. Kuna gauni la Krismasi la dada yangu lilikamilika Pasaka, na kipande kilichobaki tulikuja kukiona mtaani kikiwa ni kofia ya mtoto wa fundi mwenyewe. Siku hizi mteja naye kazidisha vituko: anakuja na picha kwenye simu, mcheza sinema wa Marekani kavaa hariri inayomwagika mpaka chini, na mkononi kashika yadi tatu za tetroni. Fundi anaitikia ndiyo. Siku ya kuchukua ni kesi. Yote hayo nayajua. Lakini kesi hiyo inakwenda mtaani kwetu, kwa mtu mwenye jina, anayeweza kufumua na kurudia. Belo la mitumba halina mtu wa kumlalamikia.

Sasa ndugu zangu wa "vaa cha kwetu". Nawaomba kitu kimoja: kabla ya kuhubiri, someni ukingo wa kitambaa. Kitenge hiki tunachokiita vazi letu kilianza kama Wadachi wakiiga batiki za Java kwa mashine, wakauza Afrika Magharibi, na baadaye sana ndipo kikawa sare ya kila harusi kutoka Dakar hadi Sumbawanga. Vingi vinavyofika madukani kwetu leo vinatoka China, vinapitia Kariakoo au vinaingilia Tunduma. Sehemu kubwa ya pamba inayolimwa Shinyanga na Simiyu inatoka nchini haijasokotwa hata uzi. Tulikuwa na viwanda: Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kiltex, Sunguratex. Vingi vilidhoofika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 vikafungwa au kuuzwa. Viwanda vya Dar es Salaam na Morogoro bado vinachapa khanga na vitenge, na mama akivikuta anavijaribu kwa kibiriti kilekile, hana upendeleo. Kwa hiyo anayeniambia nivae kitenge kwa kuwa "ni chetu" anataka nivae bango. Kilicho chetu katika shati langu ni mkono uliolikata. Tuuseme ukweli huo, kisha tuone kama unatosha kupigania. Mimi naona unatosha.

Tena unatosha kwa sababu sisi Wafipa tuna ushahidi wa nini hutokea mkono ukiacha. Vijana wengi wa Sumbawanga wanajua habari za malungu, zile tanuri za udongo ndefu kupita mtu ambamo wazee waliyeyusha chuma. Mabaki yake bado yamesimama vijijini na wageni hupelekwa kuyapiga picha. Ni wachache wanaojua kwamba wazee haohao walifuma nguo. Pamba ililimwa kwenye joto la bonde la Rukwa, na kazi ya kufuma ilikuwa ya wanaume. Mwanamume alikaa chini mbele ya kitanda cha mfumi kilicholazwa karibu na ardhi, akapitisha mshindio kwenye mtande, uzi kwa uzi, akatoa nguo nzito ya kuzuia upepo huu wetu wa Julai. Wasafiri wa karne ya 19 waliikuta kazi hiyo wakaiandika. Tanuri la udongo huacha kichuguu. Kitanda cha mfumi ni miti na kamba, kikiachwa kinakuwa kuni. Ndiyo maana hatuna hata cha kupiga picha.

Nani aliua? Misafara ilileta marekani, ule ugwanda mweupe uliotoka Salem kule Massachusetts, mpaka jina la nchi likawa jina la kitambaa. Ikaleta kaniki kutoka India. Nguo zikawa fedha: shuka mikono minne, doti mikono minane, gora zima kwa mzigo mkubwa. Mnaposema leo "nipe doti moja" mnatumia hesabu ya misafara ya pembe. Halafu ukaja ukoloni na kodi ya kichwa, na kodi inatakiwa kwa shilingi, na shilingi ziko kwenye mkonge wa Tanga. Wanaume wa Ufipa walikwenda kukata mkonge. Aliyekuwa mfumaji akawa manamba, na aliporudi baada ya mkataba alirudi na nguo ya dukani ndani ya sanduku la bati. Mtoto wake hakumwona akifuma. Hakuna sheria iliyopigwa dhidi ya ufumaji. Ulikufa kwa kukosa mtu wa kuutazama. Namkumbusha hayo yule anayedhani tulifundishwa kuvaa na watu wa pwani.

Nisieleweke vibaya kuhusu mitumba. Sitaki kusikia mtu akinukuu ukurasa huu kutukana wanaochambua nguo chini kwenye turubai pale sokoni. Mimi mwenyewe jaketi langu la baridi nililichambua hapo, na Sumbawanga ya Juni bila jaketi ni adhabu. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, khanga inapatikana kwa kujuana, foleni kwenye duka la ushirika, mtu na mkewe wanapokezana nguo ya kutokea. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, zikaja zile nguo watu walizoziita "kafa Ulaya", yaani mwenyewe kafa huko. Zilisitiri watu. Anayezidharau hakuwahi kukosa.

Lakini kusitirika ni jambo moja, kutegemea ni jingine. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni ifikapo mwaka 2019. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walipeleka malalamiko serikalini kwao, na serikali yao ikatishia kutuondolea nafasi ya kuuza bidhaa kule bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa upendeleo huo kwa upande wa nguo. Hebu fikirini vizuri, jamani: mtu anakupa nguo alizozichoka, na siku unaposema ahsante zimetosha, anakuadhibu. Hiyo si sadaka. Wala sisemi wangepiga marufuku kesho yake. Wangepiga marufuku bila viwanda na bila mafundi tungerudi kwenye foleni ya 1983. Ninachosema ni kwamba siku azimio lile lilipotangazwa, swali la kwanza mitaani lilikuwa: tutavaa nini? Mji wenye maduka ya vitambaa, cherehani kwenye kila baraza, na mafundi wanaosinzia kwa kukosa kazi, unauliza tutavaa nini. Ndiyo, shati la kushona lina gharama, kwa fedha yake waweza kupata mitumba miwili au mitatu. Mama huijibu hesabu hiyo kwa upindo. Upindo wa inchi tatu au nne, kila mwaka unashushwa kidogo, shati la kaka linakuwa la mdogo, kisha kitambaa cha kufutia taa. Mtumba nao hudumu, sikatai, lakini mtumba ulioubana mwili hauna akiba ndani yake ya kuachia.

Akiba. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike, siyo kicheko cha Dar.

Mdogo wangu, yuleyule wa gauni, alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini sare ni juu ya mzazi. Mama hakuwa na wasiwasi. Sare ndiyo kazi aliyoizoea kuliko zote. Kila Januari watoto wa majirani hujaa barazani kwetu. Alinunua kitambaa cha bluu iliyokoza, akakiloweka, akakata sketi ya marinda. Aliipiga marinda kwa siku mbili, kila linda kipimo kimoja, akayashika kwa uzi mweupe kabla ya pasi ili yasihame. Upindo inchi nne: "Huyu atarefuka, baba yake alikuwa mrefu." Ukutani mwa kiunoni akaacha kitambaa cha kupanulia. Ilikuwa sketi ya miaka minne.

Siku ya tatu binti akarudishwa nyumbani. Shule, ambayo sitaitaja, ilisema sare halali ni ile inayouzwa na mtu wao. Rangi? Ni ileile. Mshono? Uleule, marinda. Kosa ni kwamba haikununuliwa panapotakiwa. Mama alikwenda. Alivaa khanga yake ya safari, akaichukua ile sketi mkononi, akawaonyesha marinda, akawaonyesha upindo. Aliniambia baadaye kwamba yule aliyempokea hakuitazama sketi hata mara moja, alikuwa anamtazama yeye. Akarudi, tukauza gunia la mahindi ambalo lilikuwa lisubiri bei ipande, tukanunua sare ya halali.

Usiku ule mama aliwasha taa, akaifumua ile sketi mpya upande mmoja. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anaisoma. Akaniita. "Njoo uone." Ndani ya mshono hapakuwa na kitu, kitambaa kimekatwa mpaka kwenye uzi. Upindo nusu inchi. Kiunoni palikuwa pakubwa hata akapabana kwa pini ya mtoto, na nyonga zilibana. Ilishonwa kwa mtoto yeyote, ndiyo maana haikumtosha yeyote. "Hawakuweka akiba," akasema. Alirudishia mshono, akazima taa. Kabla ya mwaka kwisha binti alikuwa amerefuka, sketi imefika juu ya magoti, na mwalimu wa zamu akamrudisha tena nyumbani, safari hii kwa kosa la kuvaa sketi fupi.

Sasa niambieni, ninyi mlionicheka, nani mshamba pale? Na niambieni ninyi wa "vaa cha kwetu", mlikuwa wapi? Maana sijasikia hotuba hata moja ya uzalendo inayodai haki ya mama kumshonea mwanawe sare. Kwenye maonyesho ya mavazi mnapiga makofi, lakini kwenye lango la shule, ambako mafundi wa mji huu wanapata au wanakosa unga wa mwaka mzima, hampo. Fundi wa Sumbawanga hahitaji kusifiwa. Apewe Januari yake tu.

Na sisi waandishi. Nimesoma mashairi ya vijana wenzangu, pamoja na yangu mwenyewe ya zamani ambayo nashukuru hayakuchapwa. Yamejaa "nyuzi za utamaduni", "vazi la Afrika", "nishone majeraha yangu". Nyuzi gani? Namba ngapi? Bobini ikikwama kwa chini na uzi ukaanza kujifunga vifundo, mshairi ataweza kuifungua? Tunaandika mhusika "alivaa gauni zuri lililomkaa vema" na tunaona tumeandika. Gauni hilo lilikaa vema kwa sababu mtu fulani alijua bega lipi limeshuka. Mtu huyo hayumo hadithini. Riwaya zetu zina wasomi, wapelelezi, malaya, mawaziri na wapenzi. Ingia ndani yake utafute mtu aliyekaa barazani na tepu shingoni, utampata kama mandhari tu, anapitwa na mhusika mkuu akielekea kwenye mambo ya maana. Wakati yeye ndiye aliyewapima wote, anajua nani amekonda kwa mawazo na nani ana mimba ya miezi mitatu ambayo bado hajaisema.

Mimi nimeanza kujifunza. Mwaka huu mama macho yamepungua, hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani wakati wa jioni, namtungia. Ameniachia nikate suruali ya mjomba, ya kodrai, na nimeharibu mguu mmoja kwa kusahau kwamba manyoya ya kodrai yana mwelekeo, ukikata mguu mmoja juu na mwingine chini rangi zinatofautiana kama za watu wawili. Mjomba ameivaa hivyohivyo. Anakaa Matai, huko kila anayemuuliza anamtajia jina langu, na sijui kama ananisifu au ananishitaki.

Ile sketi ya marinda ya mama haikutupwa. Binamu yetu aliyechaguliwa shule nyingine, ambayo haina mtu wake wa kuuza sare, aliichukua mwaka uliofuata. Nilikwenda kuwatembelea Desemba. Upindo umeshushwa mara moja, zimebaki inchi mbili na nusu.

Mwenye hoja dhidi yangu na aandike, ukurasa huu ni wa wote, nitajibu. Ila asinitumie picha ya lebo. Na yule mshairi wa Dar, kama anasoma, anitumie vipimo vyake: shingo, kifua, bega, urefu wa mkono. Kuna kipande cha kitenge kilekile kimebaki, yadi mbili kasoro, na mama anasema akikaa vizuri juu ya mkeka linatoka shati.